Sauti 128 ndani ya piano, lakini mulizi wa Bushi haumo

Katika makanisa mengi ya Kabare, Walungu na mji wa Bukavu, korali isiyo na piano ya umeme inaonekana siku hizi kama korali ambayo haijakamilika. Kabla wimbo haujaanza, mpigaji anafinya kibonye, anatafuta namba kwenye kioo kidogo, anajaribu sauti kwa kidole kimoja, kisha anawapa waimbaji ishara. Sauti inayotoka ni ya violini nyingi kwa pamoja, ama ya ogani, ama ya tarumbeta. Watu wanaimba, wanacheza, na ni wachache wanaojiuliza sauti ile imetoka wapi.

Swali hilo ni zito kuliko linavyoonekana. Sauti zilizo ndani ya piano hazikuota zenyewe. Kuna watu waliokaa wakachagua zipi ziingie na zipi zibaki inje. Kwa wakaaji wa Lwiro, katika eneo la Kabare, jambo hili lina historia ya karibu. Zaidi ya miaka 70 iliyopita, taasisi ya kisayansi yenye makao yake hapo ilikuwa kati ya walioupa nguvu utafiti wa muziki wa Bashi. Filimbi yao na nyuzi zao zilisikilizwa na kuandikwa katika majarida ya ng'ambo. Ndani ya mashini hazikuingia.

Leo vifaa vya kuziingiza vimekuwa vya bei ndogo, hata simu ya mkononi inatosha kwa kuanza. Kinachopungua ni muda, kwa sababu wazee wanaojua kupiga vyombo hivyo wanazidi kupungua, na vita vimewatawanya watu.

Namba inaamua nini

Mtu asiyepiga piano anaweza kufikiri kwamba kuchagua sauti ni kama kuchagua rangi ya shati, yaani wimbo unabaki ule ule. Sivyo. Kila sauti ina tabia yake, na tabia hiyo inaamua wimbo utembee namna gani.

Sauti ya piano ya kawaida inaanza kwa nguvu, kisha inafifia yenyewe hata kama kidole bado kimefinya. Ogani haififii, inabaki pale pale mpaka kidole kiondoke. Violini za pamoja zinaanza polepole, zinapanda kama maji yanayojaa. Ndiyo maana mpigaji anayeziacha violini peke yake wakati korali imeingia kwenye sebene anajikuta nyuma ya ngoma, kwa sababu sauti inakuwa bado inapanda wakati mdundo umekwisha kupita. Tarumbeta ama gitaa linaanza mara moja, na hapo miguu inasikia.

Wapigaji wenye uzoefu wanajua pia kugawanya vibao. Mkono wa kushoto unapewa sauti ya besi, wa kuume unapewa ogani ama gitaa. Wengine wanaweka sauti mbili moja juu ya nyingine, piano pamoja na violini, kwa wimbo wa pole wa kuabudu. Kisha wanahifadhi mpango huo katika kumbukumbu ya mashini ili wasitafute namba mbele ya watu. Kazi hii ndiyo inayomtofautisha mpigaji na mtu anayefinya vibao tu. Lakini hata mpigaji hodari anachagua ndani ya orodha aliyopewa.

Orodha ya mwaka 1991

Orodha hiyo ina historia. Mwaka 1983, makampuni ya Marekani na Japani yalikubaliana juu ya lugha moja ya kuunganisha vinanda vya umeme, iitwayo MIDI. Lugha hiyo haibebi sauti. Inabeba amri: kibao gani kimefinywa, kwa nguvu gani, kimeachiliwa wakati gani, na sauti ya namba gani itumike. Tatizo lilikuwa kwamba namba 20 kwenye mashini moja ilikuwa ogani, na kwenye mashini nyingine ilikuwa kitu tofauti kabisa.

Mwaka 1991 ukatoka mpango uitwao General MIDI. Ulipanga sauti 128, zikagawanywa katika vikundi 16 vya sauti nane nane. Namba 1 ni piano kubwa. Namba 17 inaanza kikundi cha ogani. Namba 49 ni violini za pamoja. Namba 62 ni tarumbeta za kundi. Baadhi ya mashini huanza kuhesabu kwenye 0, kwa hiyo namba zinarudi nyuma moja, lakini mpangilio ni ule ule. Hata leo, vinanda vyenye mamia ya sauti bado vinabeba orodha hiyo, na simu na kompyuta zinaitumia.

Ndani ya sauti hizo 128, Japani ina nafasi nne zinazojulikana kwa majina. Namba 78 ni shakuhachi, filimbi ya mwanzi inayopulizwa kwenye ncha. Namba 107 ni shamisen. Namba 108 ni koto, chombo cha nyuzi zilizolazwa juu ya ubao mrefu. Namba 117 ni ngoma ya taiko. India ina sitar, namba 105. Wazungu wana vyombo vya orkestra karibu vyote, pamoja na zumari ya mfuko ya Uskoti, namba 110.

Afrika inaonekana wapi? Namba 109 ni kalimba. Namba 114 ni agogo, kengele mbili zenye asili ya Wayoruba, iliyopata umaarufu kupitia Brazili. Katika fungu la ngoma kuna conga, ambayo jina lake linahusishwa na Kongo, lakini iliingia kupitia Kuba. Kwa maneno mengine, sauti za Afrika ziliingia baada ya kuzunguka baharini.

Hakuna sababu ya kuwaza njama. Walioandika orodha walikuwa watengenezaji wa mashini, na makampuni makubwa ya Japani, kama Roland, Yamaha na Korg, yalikuwa mezani. Kila mtu huanza na kile anachokijua na na wateja anaowaona. Bushi haikuwa na mtu mezani.

Mulizi na shakuhachi, lulanga na koto

Ulinganisho ni wa kushangaza ukitazamwa kwa karibu. Bashi wana filimbi inayopulizwa kwenye ncha, mulizi. Kwa namna ya kupuliza, ni ndugu wa shakuhachi. Bashi wana lulanga, ubao uliochimbwa kama beseni refu, wenye nyuzi zinazopitishwa kwenda na kurudi kutoka ncha moja hadi nyingine. Ni wa ukoo mmoja na inanga ya Rwanda na Burundi, na kwa nyuzi zake zilizolazwa juu ya ubao haiko mbali na koto. Kisha kuna likembe, inayojulikana karibu Kongo nzima, ambayo ni ndugu wa kalimba.

Mpigaji wa Lwiro anayetaka leo kuleta harufu ya nyumbani ndani ya wimbo wa mashi anaweza basi kufinya namba 78 mahali pa mulizi na 108 mahali pa lulanga. Watu wengi hawatajua. Lakini mzee aliyechunga ng'ombe atajua. Pumzi ya mulizi si pumzi ya shakuhachi, na hatua kati ya sauti za lulanga si zile za piano.

Hapo pana jambo la ufundi linalosahaulika. Piano inagawanya ngazi ya sauti katika hatua 12 zilizo sawa kabisa. Vyombo vingi vya Maziwa Makubwa havifuati kipimo hicho. Mwimbaji aliyezoea lulanga akilazimishwa kufuata piano, baada ya muda sikio lake linahama. Hakuna aliyemkataza kuimba kama zamani. Ni kwamba mashini haina mahali pa kuiweka sauti ile, na kwaya inafuata mashini.

Lwiro ilikuwa karibu sana na jibu

IRSAC, taasisi ya utafiti wa kisayansi katika Afrika ya Kati, iliundwa mwaka 1947 wakati wa ukoloni wa Ubelgiji, na makao yake yakajengwa Lwiro. Ndiyo iliyogeuka baadaye CRSN, kituo cha utafiti wa sayansi ya viumbe na mazingira. Siku hizi dunia inaijua Lwiro zaidi kwa sababu ya sokwe: tangu mwaka 2002 kuna kituo cha kutunza sokwe na nyani waliookolewa kutoka kwa wawindaji na wafanyabiashara.

Lakini IRSAC haikushughulika na wanyama, magonjwa na matetemeko ya ardhi peke yake. Iliunga mkono pia utafiti juu ya watu na desturi zao. Mwaka 1951 na 1952, Mmarekani Alan Merriam alifanya utafiti wa muziki katika Kongo ya wakati ule na Ruanda-Urundi, na Bashi walikuwa kati ya aliowasikiliza. Aliandika juu ya vyombo vya Bashi, juu ya maneno ya nyimbo zao, na mwaka 1957 akachapisha makala nzima juu ya mulizi katika jarida la Marekani. Kitabu chake cha mwaka 1964 juu ya muziki na jamii, ambacho bado kinasomwa katika vyuo vikuu, kinachukua mifano mingi kutoka Bushi. Mmoja wao ni wa wasichana waliofanya kazi katika shamba la wakoloni, ambao walipitisha malalamiko yao kwa bwana shamba ndani ya wimbo, mambo ambayo hawangeweza kumwambia uso kwa uso.

Mwaka ule ule wa 1952, Hugh Tracey, Mwingereza aliyekaa Afrika ya Kusini, alipita Kongo ya mashariki na mashini zake za kunasa sauti. Mwaka 1954 alianzisha maktaba ya muziki wa Afrika, ILAM, iliyoko leo katika Chuo Kikuu cha Rhodes. Ni yeye pia aliyeanza kutengeneza na kuuza kalimba kwa wageni, akiipanga kwa ngazi ya sauti ya Kizungu ili iende pamoja na vyombo vingine. Jina hilo la kibiashara ndilo lililokuja kukaa kwenye namba 109 mwaka 1991.

Njia inaonekana wazi. Kalimba iliingia kwenye mashini kwa sababu mtu aliitengeneza, akaiuza, ikajulikana. Mulizi ulibaki katika makala na katika kanda zilizohifadhiwa mbali. Elimu ilikusanywa, lakini haikugeuzwa kitu ambacho kijana wa Kavumu ama Katana anaweza kukifinya kwa kidole.

Wakongomani hawakungojea kiwanda

Itakuwa kosa kufikiri kwamba Wakongomani walikuwa wapokeaji tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, studio za Leopoldville zilitumia Solovox, kinanda kidogo cha umeme cha kampuni ya Hammond, ndani ya rumba. Katika miaka ya 1980, vinanda vilianza kuchukua mahali pa tarumbeta katika orkestra nyingi, kwa sababu mtu mmoja na mashini moja ni rahisi kulipwa kuliko wapulizaji wanne.

Ray Lema, aliyezaliwa mwaka 1946, alionyesha njia nyingine. Mwaka 1974 alipewa kazi ya kuongoza muziki wa Ballet ya taifa la Zaire, na kazi hiyo ikamfanya azunguke inchi akisikiliza wapigaji wa vijijini. Alipofika baadaye kwenye vinanda vya umeme vya Paris, hakuwa mtu wa kuchukua sauti ya kwanza iliyomjia. Alikuwa na masikio yaliyojaa inchi yake.

Konono No. 1 wa Kinshasa walifanya kwa njia ya tatu. Mwanzilishi wao, Mawangu Mingiedi, alitengeneza maikrofoni kwa sumaku za vipande vya magari ya zamani ili likembe isikike katikati ya kelele za mji. Mwaka 2004 albamu yao ilianza kuzunguka dunia nzima. Walichukua chombo cha wazee, wakakipa umeme.

Soko linasikilizwa

Makampuni yenyewe yamekubali kwamba orodha moja haitoshi. Yamaha inatengeneza kwa ajili ya India vinanda vya PSR-I, vyenye tabla na tanpura. Kwa wanamuziki wa inchi za Kiarabu kuna PSR-A, na ndani yake mpigaji anaweza kushusha baadhi ya vibao nusu hatua ili kufuata ngazi zao. Hiyo inathibitisha kwamba kizuizi si ufundi. India na Waarabu walisikilizwa kwa sababu wananunua kwa wingi na kwa sababu wanamuziki wao walidai.

Vinanda vipya vinaleta pia midundo yenye jina la Afrika. Ni hatua, lakini Afrika nzima ndani ya kibonye kimoja ni kama Ulaya nzima ndani ya wimbo mmoja. Kungojea kiwanda kitengeneze piano ya Bushi ni kungojea mvua ya kiangazi.

Kazi inayowezekana sasa

Njia fupi ni kunasa sauti. Si jambo jipya: mwaka 1986 Casio iliuza SK-1, kinanda kidogo chenye maikrofoni, ambacho mtoto aliweza kukiimbia na kisha kupiga sauti yake mwenyewe kwenye vibao. Leo vinanda kadhaa vya bei ya kati vina uwezo huo, na programu za bure za simu na kompyuta zinafanya zaidi.

Kazi yenyewe inahitaji uvumilivu kuliko feza. Mpigaji wa mulizi anaketi mahali patulivu, mbali na barabara na mabati yanayolia. Simu inawekwa karibu, lakini si mbele ya pumzi. Kila sauti inapigwa peke yake, kwa nguvu na kwa upole, mpaka ifike mwisho wake. Kisha kila faili inapewa jina na kupangwa kwenye vibao. Kwa lulanga, hatua za nyuzi ziachwe kama mzee alivyozipanga, zisinyooshwe kufuata piano. Mpigaji akitaka kuziunganisha na gitaa baadaye, atajua anabadilisha nini.

Jambo la pili ni majina. Rekodi isiyo na jina la mpigaji, kijiji, tarehe na ruhusa yake ni mali isiyo na mwenyewe, na mali ya namna hiyo hupata wenyewe haraka. Bushi imekwisha kuona sauti zake zikiondoka. Hakuna haja ya kurudia.

Jambo la tatu ni rekodi za zamani. Jumba la Afrika la Tervuren, Ubelgiji, na ILAM zina kanda za muziki wa Afrika ya Kati. Kurudisha nakala kunawezekana. Mwaka 2015, nakala za nyimbo ambazo Tracey alizinasa kwa Wakipsigis mwaka 1950 zilirudishwa Kenya, na kati ya waliozisikiliza walikuwapo wazee waliokuwa vijana wakati ule. CRSN ya Lwiro, vyuo vya Bukavu na makanisa yana uzito wa kutosha kuandika barua ya kuomba vivyo hivyo. Kituo ambacho jina lake limo katika historia ya utafiti ule hakiendi kuomba kama mgeni.

Serikali nayo ina sehemu yake. Rumba ya Kongo iliingia katika orodha ya urithi ya UNESCO mwezi wa Desemba 2021, kwa ombi la Kinshasa na Brazzaville. Ngoma za Burundi ziliingia mwaka 2014, na ngoma ya Intore ya Rwanda mwaka 2024. Kivu ya Kusini iko katikati ya majirani hao. Rumba ni fahari ya inchi yote, lakini haiwezi kusimama mahali pa mulizi.

Muda unabana

Wengine watasema huu si wakati wa kuzungumza juu ya filimbi. Tarehe 14 Februari 2025 uwanja wa ndege wa Kavumu, jirani na Lwiro, uliingia mikononi mwa AFC/M23, na siku mbili baadaye mji wa Bukavu. Familia zilikimbia, benki zilifungwa, safari za ndege zilisimama. Mtu anayetafuta unga hawezi kulaumiwa kwa kutofikiri juu ya lulanga.

Lakini vita ndivyo vinavyofanya jambo hili liwe la haraka. Mkimbizi anabeba mtoto, sufuria na godoro, na lulanga linabaki ukutani. Mzee anayefariki mbali na kijiji chake anaondoka na namna yake ya kupuliza. Nyumba inaweza kujengwa upya kwa matofali mengine. Sauti ambayo hakuna aliyeinasa haina matofali mengine.

Zaidi ya hayo, kazi hii haingojei amani kamili wala mfadhili. Piano nyingi ndogo zinatumia umeme wa volti 12, kwa hiyo batri ya sola yenye kifaa cha kulinda kipimo inatosha hata pale SNEL haifiki. Simu zipo. Vijana wa korali wanajua tayari kutafuta namba, kugawanya vibao na kuhifadhi mipango. Kinachobaki ni wao kwenda kuketi na wazee siku moja isiyo ya ibada.

Siku mpigaji wa Lwiro atakapofinya kibonye na mulizi wenyewe ukatoka, korali haitaacha ogani wala violini. Itakuwa tu na sauti moja zaidi, na wazee waliokaa nyuma kanisani wataitambua bila kuambiwa.